Bendera Haina Jana

Dada yangu alishona bendera za meli kwa miaka thelathini na minne, na kwa ishirini ya hiyo mimi nilikaa kwenye mashine ya pili, ubavuni pake. Mtu akisikia bendera hufikiria zile za nchi. Hizo tulishona pia, ila hazikumsisimua. Alichokipenda ni seti ya ishara, ile ambayo kila meli huiweka kwenye kabati lenye vijumba, kila bendera na kijumba chake: ishirini na sita za herufi, kumi za tarakimu, tatu za kurudia na moja ya kujibu. Arobaini kamili. Alizijua zote kwa maana zake kama mtu anavyojua majina ya wanawe, na shule aliachia darasa la nne.

Karakana yetu ilikuwa juu ya duka la vifaa vya meli. Ukipanda ngazi za mbao, harufu ya lami na kamba mpya inakufuata mpaka juu. Kulikuwa na mashine tatu, meza ndefu ya kukatia, na madirisha mawili makubwa yaliyotupa mwanga wa kutosha, maana kwenye taa bluu na nyeusi hufanana na kazi ikaharibika. Mwenye duka tulimwita Mzee Kamba. Hakuweza kuzungumza bila kufunga na kufungua fundo mkononi, na ukitaka kujua kama amekasirika, uliangalia fundo, si uso.

Bendera ya ishara ina masharti yake. Lazima isomeke pande zote mbili, kwa sababu upepo hauulizi. Chukua ile ya kuomba daktari: ukingo wa bluu, ndani yake mraba mweupe, ndani yake tena mraba mwekundu. Huwezi kubandika kiraka mbele ukasema kazi imekwisha. Unashona, unageuza, unakata kitambaa kilichobaki nyuma, unakunja kingo ndani, unapiga mshono wa pili. Nikimaliza, Dada aliinyanyua dirishani, akaigeuza mara mbili tatu, kisha akauliza, "Mgongo wake uko wapi?" Ukiweza kumwonyesha mgongo, umefeli. Anakupa kisu cha kufumulia na unaanza upya. Nilifumua sana mwaka wa kwanza.

Siku moja alikuja ofisa kijana wa meli kuchukua mzigo wake, viatu vinang'aa, akatoa bendera moja kwenye mfuko na kumkunjulia Dada. "Mama, hivi huwa mnajua mnachoshona, au mnafuata rangi tu?"

Dada hakuinua mguu kwenye mashine. "Kwanza umeishika juu chini," akamwambia. "Pili, inasema nageuza meli kwenda kulia. Ukiipandisha hivyo ulivyoishika, hata Mungu atakuuliza unakwenda wapi." Mzee Kamba alicheka mpaka fundo likamponyoka.

Basi, huyo ndiye dada yangu. Sasa nieleze habari ya mwanawe.

Alijaaliwa mtoto mmoja, wa kike. Alipokuwa na mwaka na nusu alipata homa kali ya uti wa mgongo, akalazwa siku kumi na tisa. Tulipokuja kumchukua, daktari alisimama nyuma ya kitanda akapiga makofi. Mtoto aliendelea kuchezea kifungo cha koti la mama yake. Daktari akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Kifungo tu. Shemeji, ambaye alikuwa dereva wa winchi bandarini na mtu wa maneno machache, alivaa kofia yake akatoka nje. Dada alibaki. Alimtazama daktari akasema, "Nimeona. Usipige tena."

Mtaani wakaanza kumwita bubu. Dada hakugombana nao. Alisahihisha tu, kila mara, kwa sauti ileile: "Ni kiziwi. Ububu hana." Na usiku na mchana alikuwa anawaza namna ya kuzungumza na mwanawe, mpaka akaja na lake. Kama meli mbili zisizosikiana zinaelewana kwa vitambaa, mama na mtoto watashindwa nini?

Akakusanya mabaki ya mezani akashona bendera saba ndogo, kila moja kama kiganja. Bluu, maji. Njano, chakula. Nyekundu, naumia. Nyeusi na njano, acha. Nyeupe na bluu, choo. Nyingine mbili, moja ya kulala na moja ya kutoka nje. Akazipanga kwenye utepe, akamvalisha mtoto kiunoni. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Ndani ya wiki mbili alikuwa anaomba maji kwa bendera, na Dada alikuwa anatembea kifua mbele kama aliyevumbua moto. Wageni walioneshwa. Mzee Kamba alioneshwa. Hata mimi niliyekuwepo tangu mwanzo nilioneshwa tena.

Ilikwenda hivyo miezi minane. Kisha ikafika asubuhi moja ambayo mtoto aliamka, akaenda mlangoni, akarudi, akamwonyesha mama yake bendera ya kutoka nje. Dada akafungua mlango. Hapana, sivyo. Mtoto akashika ya chakula, akapigapiga sakafu karibu na kizingiti. Dada akaleta chakula. Kikasukumwa. Akashika ya kulala. Akashika nyekundu, na Dada akamvua nguo zote kutafuta kidonda. Hakuna. Mtoto akarudi kizingitini akapigapiga sakafu, akamtazama mama yake kama mtu anayemtazama mjinga, halafu akaushika ule utepe kwa meno akauvuta mpaka uzi ukakatika. Bendera zikatawanyika. Alilia mpaka akapitiwa na usingizi.

Nilimkuta Dada amekaa chini, bendera zimemzunguka. "Mdogo wangu," akaniambia, "huyu ana neno. Ana neno zima, na mimi nimempa vitambaa saba."

Hakushona cha nane. Kuna watu wangeongeza, wakafika hamsini, mia. Yeye alikuwa fundi, alijua kasoro ikiwa kwenye mchoro hutaiponya kwa uzi. Alimwomba Mzee Kamba ruhusa ya Alhamisi mchana, akampeleka mtoto shule ya viziwi ng'ambo ya mji, na yeye mwenyewe akaingia darasa la wazazi. Mwalimu alikuwa kiziwi, mzee mwenye mikono mikubwa, na hakuwa na huruma na mzembe. Dada alijifunza lugha ya alama akiwa na miaka thelathini na mmoja, vidole vimetobolewa na sindano. Nami nilijifunza, vibaya. Mpaka leo mwanetu ananiambia naongea kama mtu aliyevaa glavu.

Viziwi hupeana majina yao ya mikono. Mwanetu aliitwa kwa vidole viwili vinavyokata hewa karibu na sikio, yaani Mkasi, kwa sababu ya kazi ya mama yake. Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa binti mwenye vishimo mashavuni; jina lake lilikuwa kidole kimoja kinachogusa shavu. Sisi tunaosikia tulimwita Kishimo.

Alipofika miaka saba, siku moja akiwa anakula mezani, Mkasi aliweka kijiko chini na kumwuliza mama yake kwa mikono: unakumbuka siku nilipokata ule utepe? Dada akasema anakumbuka. Mtoto akasema: nilikuwa nakuuliza, yule paka aliyelala mlangoni jana, leo hayupo, amekwenda wapi?

Dada alicheka, akalia, akaja kunisimulia karakanani hata kabla hajavua khanga ya njiani. "Jana," akasema. "Na hayupo. Ningeshona vipi hayo? Kwenye bendera, kitu kipo au usikipandishe. Bendera haina jana." Akakaa kwenye mashine. Baadaye kidogo akaongeza, kama anayejitetea, "Lakini mtu akianguka baharini, bendera moja inaeleweka na kila baharia duniani, wa lugha yoyote ile. Hilo nalo si dogo."

Mkasi alikua mezani petu. Alipiga mistari ya kukatia iliyonyooka kuliko ya mama yake, na akiwa na miaka kumi na sita ndiye aliyekuwa anatuchorea vipimo. Alipomaliza shule aliomba nafasi chuo cha mambo ya bahari, kozi ya kuchora na kusahihisha ramani za baharini. Kazi hiyo hufanywa ofisini, kwa jicho na mkono, haihitaji sikio. Alifanya mtihani wa kuingia pamoja na wengine sitini akawa wa tatu. Wakamwita waonane naye, wakagundua ni kiziwi, na wiki moja baadaye ikaja barua. Ilikuwa na adabu zake zote. Sababu ilikuwa kwamba mwombaji hana lugha ya kufundishiwa.

Dada aliisoma mara tatu. Shemeji akasema, "Wameshakataa. Tutafute pengine." Dada akaikunja barua akaitia mfukoni mwa aproni.

"Hana lugha," akasema, taratibu, kama anayeonja kitu kuona kama kimechacha. Kisha akashuka kwa Mzee Kamba kuazima seti nzima ya bendera.

Jumatatu tulikwenda wanne: Dada, Mkasi, Kishimo na mimi nimebeba mfuko. Ofisi ya mkuu wa chuo ilikuwa ghorofa ya pili, dirisha lake linatazama uwanja wenye mlingoti mrefu ambapo wanafunzi walikuwa wanafanya gwaride. Ukutani kulikuwa na fremu yenye bendera za ishara. Dada aliitupia jicho akaninong'oneza, "Hizi zangu. Ile ya njano niliishona nikiwa na malaria, ona pembe."

Mkuu wa chuo alikuwa ofisa mstaafu wa meli, ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri, mtu mstaarabu. Alitupa viti, akasikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana nasema hakuwa mtu mbaya.

"Mama, sina chuki na binti yako," akasema. "Alama zake ni nzuri sana. Lakini nimetumia ishara baharini miaka ishirini na miwili, nazijua nguvu zake na mipaka yake. Kwa ishara utasema naungua moto. Utasema nataka rubani wa kuniingiza bandarini, au mtu ameanguka majini. Basi. Kufundisha hesabu za ramani kwa ishara, hilo haliwezekani. Nisingependa aje hapa aumie."

"Kwa bendera haliwezekani," Dada akasema. "Hapo tuko pamoja, Mkuu. Mimi ndiye niliyeshona hizo za ukutani kwako."

Mkuu akageuka kutazama fremu, kisha akamtazama Dada upya.

"Nilimlea huyu kwa bendera miezi minane," Dada akaendelea. "Nilidhani kama wewe. Sasa nakuomba kitu kimoja. Andika kisa chochote kilichokupata, ambacho hakimo kwenye kitabu cha ishara. Kifupi tu."

Mkuu alifikiri, akatabasamu peke yake, akaandika mistari michache akiwa ametupa kisogo. Akampa Dada karatasi. Dada akaisoma, akanisomea mimi. Kilikuwa hivi: Nikiwa kijana melini, nilimdanganya nahodha kwamba mpishi anaumwa, ili siku hiyo nipike mimi. Nahodha alikula kijiko kimoja, akaniambia, kama mpishi hatapona kabla ya jioni, wewe ndiye utakayeumwa.

Dada akafungua mfuko, akamwaga seti yote mezani, juu ya makaratasi ya Mkuu. "Nisimulie kwa hizi."

Na Mkuu, kwa kuwa alikuwa baharia kweli, alijaribu. Alifunua kitabu chake, akachagua, akarudisha. Mwisho akainua ile ya bluu, nyeupe na nyekundu. "Hii inaomba daktari," akasema.

"Inaomba kweli. Ukiipandisha, daktari anakuja. Lakini mpishi hakuwa anaumwa. Ulidanganya, na zamani. Uwongo wako uko wapi hapo mezani?"

"Naweza kuutaja herufi kwa herufi. Bendera zina alfabeti."

"Unaweza. Lakini hapo bendera ni mchukuzi tu, imebeba maneno ya lugha yako. Ukimnyang'anya mchukuzi mzigo, anabaki na nini? Mwanangu hajabeba mzigo wa mtu, Mkuu. Ana maneno yake."

Mkuu alikuna ndevu. "Na mimi nitajuaje? Nikimwona anachezesha mikono, sitajua anasema nini."

"Usinisadiki mimi. Huyu mwenzake atashuka uwanjani, asimame kwenye mlingoti. Binti yangu atasoma karatasi yako mara moja, akurudishie uishike mwenyewe. Atamsimulia kutoka hapa dirishani. Wewe tazama tu."

Kishimo akashuka na kalamu na daftari. Tulimwona akivuka uwanja, akasimama chini ya mlingoti, mbali kiasi kwamba uso wake ulikuwa kama shilingi. Mkasi alisoma, akarudisha karatasi, akasogea dirishani. Nilimwona akivuta pumzi. Kisha mikono ikaanza.

Mimi nilizoea, lakini siku ile nilitazama kama mgeni. Alikuwa nahodha, akawa kijana mwongo, akawa nahodha tena, kwa kugeuza bega tu. Alipofika kati, Kishimo akainua mkono kumsimamisha, akauliza kitu.

"Ameshindwa?" Mkuu akauliza.

"Anauliza, aliyeumwa ni mpishi au ni yule kijana," Dada akamfasiria. "Anataka kuwa na uhakika."

Mkasi akamfafanulia, akaendelea. Akafika kwenye kijiko. Uso wa nahodha aliyeonja chakula kile ulitokea pale dirishani, na Mkuu mwenyewe akaguna. Mikono ikamaliza. Kwa muda kidogo Kishimo alisimama vilevile. Halafu akajishika tumbo, akainama, akashika mlingoti asianguke. Alicheka kwa ile sauti yake isiyojijua, mpaka gwaride likageuza shingo na mkufunzi wao akafoka.

Mkuu alitazama karatasi mkononi mwake, akatazama uwanjani, akatazama karatasi. Kisha akanyoosha mkono mezani, akaokota bendera ndefu ya mistari myekundu na myeupe, ile ya kujibu.

"Hii," akasema, ingawa wote tulijua, "ukiona ishara ya mwenzako unaipandisha nusu. Maana yake, nimekuona. Ukishaelewa, unaipandisha mpaka juu." Akaelekeza kidole uwanjani. "Yule amepandisha mpaka juu."

Kishimo alipopanda ngazi, daftari lake lilikuwa na kisa chote, mpishi, nahodha, kijiko na jioni. Chini alikuwa ameongeza la kwake: Naona nahodha alikuwa na haki. Mkuu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Hakumpokea palepale. Alisema kweli kwamba kuna bodi, na bodi ina wazee wagumu kuliko yeye. Zilipita wiki tatu, na Dada hakulala vizuri hata siku moja ya hizo, ila karakanani hakuonyesha. Kisha barua ya pili ikaja. Ilisema kwamba mwombaji anatumia lugha ya alama, na kwamba chuo kimekubaliana na shule ya viziwi kumpatia mkalimani. Dada alinipa niisome kwa sauti, nikaisoma. Akasema, "Rudia pale penye lugha." Nikarudia.

Mwaka wa kwanza ulimkaba. Darasani yalitajwa mambo ambayo lugha ya alama ilikuwa haijawahi kuyahitaji: mwamba uliofichika chini ya maji, mkondo unaogeuka, kina cha maji yakipwa. Mkalimani alikwama, akawa anataja herufi moja moja, mhadhara ukampita. Mkasi akamwambia, tuyatengenezee alama. Wakakaa wawili pembeni, Kishimo naye akaja Jumamosi, wakabuni alama, wakazijaribu, wakatupa zilizochosha mkono. Ile ya mwamba uliofichika naiona mpaka leo: ngumi chini ya kiganja kilicholala, na ngumi inatikisika kidogo tu. Dada alipenda sana habari hiyo. "Kitabu cha bendera hakiongezwi hata mstari mpaka mataifa yakae kikao," alimwambia Mzee Kamba. "Mwanangu na wenzake wameongeza maneno kumi kabla ya chai ya saa nne."

Mkasi alimaliza wa pili katika darasa lake. Siku ya kutunukiwa, jina lake lilipoitwa, ukumbi ulipiga makofi kama ulivyowapigia wengine. Mkuu wa chuo, jukwaani, hakupiga. Aliinua mikono yote miwili juu na kutikisa vidole, kama viziwi wanavyoshangilia, kwa ukakamavu wa mtu anayefukuza nzi. Watu wa mbele wakamwona, nao wakainua. Ikaenda nyuma safu kwa safu mpaka ukumbi mzima ukanyamaza, mikono imesimama juu. Shemeji alikuwa ameinua na kofia yake. Nilimtazama Dada. Nilitegemea atalia, hakulia. Alikaa wima, kidevu juu, kama mtu anayekaguliwa na yuko tayari kukaguliwa.

Sasa mwanetu yuko ofisi ya ramani. Kila wiki zinakuja taarifa: boya limehamishwa, taa imezimika, meli imezama mahali fulani na mabaki yake ni hatari. Yeye huzitia kwenye ramani kwa kalamu nyembamba ya wino wa zambarau, na meli zinapita salama kwa mkono wake. Tulimtembelea mara ya kwanza mchana mmoja wa katikati ya wiki. Mlinzi wa mlangoni akatuuliza tumekuja kwa nani.

"Kwa mwanangu," Dada akasema. "Yule anayesahihisha ramani." Hakukuwa na haja ya kusema kwa sauti vile, nadhani hata ghorofa ya tatu walimsikia.

Tulikula pamoja kwenye benchi nyuma ya jengo, chakula nilichofunga mimi asubuhi. Mama na mwanawe walianza na habari ya mkubwa wa kazi wa Mkasi, wakaingia kwa Kishimo na mchumba wake, na baada ya hapo mikono ikawa inakwenda kasi, wanakatizana, wanabishana, kila mmoja anacheka kabla mwenzake hajamaliza. Nilishika theluthi moja hivi, nikaachia. Nikala changu.